Butembo na Beni: Mwizi anapochomwa, bunduki yake inabaki mtaani

Katika mitaa mingi ya Butembo na Beni, usiku una sauti yake. Filimbi inalia upande wa mlima, masufuria yanaanza kugongwa, vuvuzela inajibu kutoka bondeni, na baada ya dakika chache avenyu nzima iko nje na fimbo, mapanga na tochi za simu. Kama wezi wamekwisha kukimbia, watu wanahesabu kilichokwenda: simu, televisheni, pesa za likelemba, mbuzi wawili. Kama mmoja wao ameshikwa, mara nyingi hafiki polisi. Tairi la zamani na lita moja ya petroli vinatosha.

Viongozi wa mji wanalaani kitendo hicho, mashirika ya raia yanalaani, mapadri na wachungaji wanalaani, na bado kinarudi. Ukiwauliza wakaaji kwa nini, jibu ni moja tu, karibu kila mahali: tukimpeleka polisi, kesho tutakutana naye barabarani. Jibu hilo lina uzito. Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana: mtu aliyechomwa hawezi kusema nani alimpa bunduki.

Miji ya biashara, mitaa ya shida

Mgeni anayefika Butembo anaona kwanza majengo ya ghorofa katikati ya mji, depo za nguo na vifaa vya pikipiki, magari makubwa kutoka Kasindi yenye bidhaa zilizopita Mombasa na Kampala. Wafanyabiashara wa hapa wanajulikana hadi Dubai na China. Beni, kilomita 54 kaskazini kwa barabara ya kitaifa namba 2, inaishi kwa kakao, mbao na biashara ya mpaka.

Lakini ukiacha barabara kubwa na kushuka kuelekea mabondeni, unakuta Butembo nyingine. Nyumba za udongo zimebanana kwenye mteremko, maji yanachotwa kwenye chemchemi, njia ni nyembamba kiasi kwamba gari la polisi haliwezi kupita. Umeme umeanza kuingia miaka hii ya karibuni, lakini kwa yule anayeweza kulipa. Avenyu nyingi ziko gizani toka saa kumi na mbili na nusu ya jioni. Katika Beni pia, kwenye komini zote nne za Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, mitaa ya pembezoni inafanana hivyo hivyo, na huko giza linaogopesha zaidi kwa sababu ya msitu ulio karibu.

Watu wameongezeka bila kazi kuongezeka. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamefukuza familia nyingi kutoka vijiji vya eneo la Beni. Mnamo Juni 2024, M23 iliingia Kanyabayonga, na wimbi lingine la wakimbizi wa ndani likapanda kutoka kusini mwa Lubero. Mji wa Goma ulipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, makao ya serikali ya mkoa yalihamia Beni. Mkulima aliyeacha shamba lake la mihogo au la kakao anapangisha chumba kimoja na watu wanane, anabeba mizigo sokoni au anasukuma chukudu ya mtu mwingine. Mtoto wake mkubwa anatafuta pikipiki ya kuendesha, na kila jioni anapaswa kumrudishia mwenye pikipiki pesa waliyopatana, hata kama mvua imenyesha siku nzima. Mdogo wake anaweza kuishia pamoja na maibobo wanaolala chini ya vibanda vya soko.

Humo ndimo wizi unapata watu. Mkubwa wa kikundi, mwenye bunduki na mwenye kujua nani ameuza kakao wiki hii, hakai njaa. Anayetumwa kuvunja mlango ndiye mwenye njaa.

Kuna makosa mengine pia. Kuna wizi wa kuku na wa sufuria, unaofanywa na jirani. Kuna ugomvi wa pombe kali ya kienyeji. Kuna wanaonyang'anya simu jioni kwa kisu. Na kuna wenye silaha za kivita wanaowavizia wabadilisha pesa, wenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu na wataksimani. Wote hao wanaitwa kwa neno moja: majambazi. Umati unaposhika mtu usiku, hautofautishi.

Polisi naye ana njaa

Tuangalie upande wa pili. Polisi wengi wa hapa wametoka mbali, wanaongea Lingala, hawajui Kinande, na wanapangisha chumba katika mitaa ileile maskini. Mshahara wao ni mdogo, na kituo mara nyingi hakina gari, au gari liko lakini halina mafuta. Mnamo Machi 2025, rais Félix Tshisekedi aliagiza mishahara ya askari na ya polisi iongezwe mara mbili, jambo linaloonyesha kwamba hata Kinshasa inajua hali hiyo.

Matokeo yake kila mkaaji anayajua. Aliyeibiwa akienda kuandikisha malalamiko, anaombwa pesa ya karatasi, kisha pesa ya usafiri wa polisi, kisha pesa nyingine ili mshukiwa aitwe. Ndugu za mshukiwa nao wanaombwa pesa ili atoke kasho. Anayeshinda ni yule mwenye mfuko mzito. Kwa sheria, kuandikisha malalamiko ni bure.

Kutoaminiana huko kuna historia. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ugonjwa uliua zaidi ya watu 2,200, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Polisi na askari walionekana wakisindikiza magari ya matabibu, na watu wengi wakasema: mbona hatukuwaona hivi tulipokuwa tunauawa? Mnamo tarehe 25 Novemba 2019, hasira juu ya mauaji ya Beni ilifikia kuchoma ofisi ya meya na kushambulia kambi ya MONUSCO ya Boikene. Tarehe 26 Julai 2022, huko Butembo, maandamano dhidi ya MONUSCO yaliua raia kadhaa pamoja na wafanyakazi watatu wa Umoja wa Mataifa wenye sare. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba washambuliaji walinyang'anya silaha za polisi wa Kongo na kuzitumia palepale.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Mameya wa kiraia waliondoka, maafisa wa jeshi na wa polisi wakachukua nafasi zao, na kesi za jinai zikahamishiwa mahakama za kijeshi ambazo hazikuwa na waamuzi wa kutosha. Faili zikarundikana. Amri za kutotembea usiku na za kukataza pikipiki baada ya jioni zimetolewa mara nyingi. Kwa muuguzi anayetoka zamu au mama anayerudi soko kwa kuchelewa, amri hizo mara nyingine zimekuwa tu sababu nyingine ya kulipa kwenye kizuizi.

Milango ya gereza iliyovunjwa

Anayesema kwamba mshukiwa atarudi mtaani hasemi uongo. Tarehe 11 Juni 2017, gereza la Kangbayi huko Beni lilishambuliwa. Watu 11 waliuawa na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Tarehe 20 Oktoba 2020, gereza lilelile lilivunjwa tena, na wafungwa zaidi ya 1,300 wakakimbia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura, Butembo: wafungwa zaidi ya 800 walitoka na polisi wawili wakauawa.

Mara tatu kwa miaka mitano, mwizi wa mbuzi, muuaji, na mtu aliyekuwa anangoja tu kusikilizwa walitoka kwa mlango mmoja. Mama aliyetoa ushuhuda mahakamani alilala usiku ule akijua kwamba aliyemshtaki yuko nje. Baada ya hapo, nani atamlaumu jirani yake akisema hatatoa ushahidi tena?

London nayo ilipita hapo

Hali hii haikuanzia Kongo. London ya miaka ya 1880, mji mkuu wa dola tajiri kuliko zote wakati ule, ilikuwa na upande wake wa mashariki ambapo familia zililala sita au saba katika chumba kimoja, wanaume walisimama kila asubuhi kwenye mlango wa bandari kutafuta kibarua cha siku, na watu wa mitaa ya heshima waliogopa kupita.

Polisi wa mji huo walianzishwa na waziri Robert Peel mwaka 1829. Mwanzoni walichukiwa sana. Mnamo 1833, polisi mmoja, Robert Culley, aliuawa katika maandamano, na raia waliokaa kuamua kesi walisema kuuawa kwake kulikuwa halali. Ilichukua makumi ya miaka kabla ya chuki hiyo kupungua. Kuna mambo mawili yaliyofanywa tangu mwanzo ambayo yanafaa kukumbukwa hapa: kila polisi alikuwa na namba kwenye ukosi wa sare yake, ili mkaaji aweze kusema ni nani aliyemkosea, na kila polisi alipewa njia yake ya kutembea kwa miguu usiku, ileile, ili watu wamzoee na yeye awajue.

Mwaka 1888, wanawake maskini walipouawa mmoja baada ya mwingine katika mtaa wa Whitechapel, wakaaji walifanya kama Butembo inavyofanya leo. Waliunda kamati chini ya mjenzi George Lusk, wakalipa vijana wasio na kazi wazunguke usiku na filimbi na fimbo. Kilichofuata kinajulikana pia hapa kwetu: umati ulianza kukimbiza wageni. Mshona viatu Myahudi, John Pizer, alishukiwa na mtaa mzima. Ilipochunguzwa, ikaonekana alikuwa mahali pengine. Alipona kwa sababu polisi walimchukua kabla umati haujamfikia. Muuaji mwenyewe hakujulikana kamwe.

Mwaka uliofuata, mfanyabiashara Charles Booth alitoa uchunguzi wake wa nyumba kwa nyumba. Watu walidhani upande wa mashariki wote ni wezi. Booth alikuta kwamba watu 35 hivi kwa kila 100 waliishi katika umaskini, lakini wale aliowaweka katika kundi la chini kabisa, la wahuni na wahalifu, hawakufikia wawili kwa 100. Waliobaki walikuwa vibarua, wafuaji wa nguo, wajane, watu wenye kazi ya siku mbili kwa wiki.

Viongozi wa London walijaribu pia kubomoa. Mtaa uliosemwa kuwa mbaya kuliko yote, Old Nichol, ulivunjwa na nyumba nzuri za matofali zikajengwa mahali pake, zikafunguliwa mwaka 1900. Kati ya watu zaidi ya 5,700 waliofukuzwa, 11 tu ndio waliopata nyumba mpya. Wengine walihamia mitaa ya jirani, na umaskini wao ukahama nao.

Kinshasa ilijaribu njia nyingine. Mnamo Novemba 2013, polisi walianzisha operesheni Likofi dhidi ya vijana wanaoitwa kuluna. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 wakapotea. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Desemba 2024, serikali ilianzisha operesheni nyingine katika mji uleule, dhidi ya kuluna walewale. Kama kuua kungemaliza wizi, operesheni ya pili isingehitajika.

Kinachopotea katika moto

Turudi kwenye avenyu ya Butembo. Kijana ameshikwa. Wenzake watatu wamekimbia na bunduki. Yeye anajua majina yao. Anajua silaha ilitoka wapi: kwa mtoro wa jeshi, kwa mtu wa kikundi cha msituni, kwa mzalendo aliyeshuka mjini, au kwa mtu wa sare aliyeikodisha kwa usiku mmoja. Anajua nani alimwambia kwamba katika nyumba ile kuna pesa. Anajua nani ananunua simu zilizoibwa.

Dakika ishirini baadaye hajui tena kitu. Waliomtuma wanapumua. Wiki mbili zikipita, bunduki ileile inaingia nyumba nyingine, mikononi mwa kijana mwingine mwenye njaa, na hao hawakosekani. Ndiyo maana baadhi ya watu, hata katika umati wenyewe, wanajiuliza kila mara: yule anayepiga kelele ya kwanza, anayeleta petroli kwa haraka, ana haraka ya nini?

Na kuna hatari ya pili. Mtu anayekosa mtu wa kumtetea usiku ni yule asiyejulikana kwenye avenyu: mkimbizi wa ndani aliyefika juzi kutoka Lubero au Mbau, taksimani aliyepotea njia akitafuta mteja, mgonjwa wa akili, kijana anayejibu kwa Kiswahili chenye lafudhi nyingine. Mwizi wa mtaa ana ndugu watakaosema ni mtoto wetu. Mgeni hana.

Sheria inasema nini

Wakaaji wengi wanadhani sheria inawafunga mikono. Siyo hivyo. Kifungu cha 6 cha kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai, ya tarehe 6 Agosti 1959, kinamruhusu mtu yeyote kumshika anayekutwa katika kosa la wazi linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, ikiwa hakuna afisa karibu. Wizi umo. Sharti ni moja: ampeleke mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Doria ya vijana wenye filimbi inayomshika mwizi na kumkabidhi iko ndani ya sheria. Ikimpiga hadi kufa, sheria inaita hilo kuua, na aliyetoa tairi anaweza kushtakiwa pamoja na aliyewasha kiberiti.

Upande wa polisi, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba mtu hawezi kuwekwa kasho zaidi ya saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mshukiwa anaachiliwa kwa sababu faili ni tupu, na faili ni tupu kwa sababu hakuna aliyekuja kutoa ushahidi, au kwa sababu OPJ hakuandika. Mtaa unasema polisi wameuza mwizi. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine sheria imefuatwa, lakini hakuna aliyekuja kuueleza mtaa.

Hatua zisizongoja vita viishe

Amani katika msitu itachukua muda wake. Lakini mambo kadhaa yanaweza kufanywa mjini na watu waliopo.

La kwanza ni kwamba mtaa umjue polisi wake. Agizo la waziri mkuu la mwaka 2013 lilianzisha kamati za usalama wa ujirani, ambapo viongozi, polisi na wakaaji wanakaa meza moja. Mahali ambapo kamati haikai, mkuu wa avenyu na wakuu wa nyumba kumi wanaweza kuanza kwa kudai namba ya simu ya mkubwa wa kituo, na majina ya polisi wa zamu ya usiku.

La pili ni kukabidhi kwa mashahidi. Mshukiwa akipelekwa na watu watano wanaojulikana, jina la polisi aliyempokea na saa ya kumpokea vikaandikwa, na mmoja wao akarudi siku ya pili kuuliza namba ya faili, ni vigumu zaidi mtu huyo kutoweka usiku. Wanasheria na mashirika ya haki za binadamu ya Butembo na Beni wanaweza kufuata faili hadi parke.

La tatu ni mwanga. Taa chache kwenye njia ya soko, kwenye chemchemi na kwenye kituo cha pikipiki zinagharimu kidogo kuliko doria ya magari. Wafanyabiashara wanaolipa walinzi wa depo zao wanaweza kuelewa hesabu hiyo, maana wezi wanaoshindwa kuvunja depo wanashuka kwa maskini.

La nne linawahusu wanaosimamia bunduki. Kila silaha inayokamatwa ina namba. Mkaaji ana haki ya kuuliza, kupitia shirika la raia au mbunge wake, ilikuwa ya nani. Polisi na jeshi wakionyesha vijana kumi mbele ya kamera na bunduki mbili mezani, swali la kwanza la waandishi wa habari liwe hilo: hizi zilitoka ghala gani?

Usiku wa leo filimbi italia tena mahali fulani, Furu au Katwa, Rwangoma au Boikene. Watu watatoka, na ni haki yao kutoka. Mshukiwa akiwa hai kesho asubuhi, bado kuna mtu wa kuulizwa.